Kuruka na Mario, 1985 hadi 2023: mazoea ya kubeba na mazoea ya kuacha

Aliyemaliza Super Mario Odyssey, gemu ya 2017, akifungua Super Mario Bros. ya 1985 hutumbukia kwenye shimo la kwanza. Aliyekulia kwenye ile ya 1985 akishika Super Mario 64 huzunguka papo hapo kama kuku aliyefungwa mguu. Wote wawili wanajua kucheza, ila vidole vyao vimezoea gemu nyingine. Kwa karibu miaka 40 Nintendo, kampuni inayotengeneza gemu za Mario, wamekuwa wakikifua kitu kimoja, mruko, na kila toleo kubwa limebadilisha kinachoutangulia au kinachoufuata. Ukijua kilichobadilika, utajua pia zoea lipi litakuua.

Mwongozo huu unafuata gemu kuu kwa mpangilio wa kutoka kwake. Kama una haraka, soma sehemu ya 1985 na ya 1996. Nyingine zote zimejengwa juu ya hizo mbili.

Kagua vifaa kwanza

TV bapa za siku hizi huchakata picha kabla ya kuionyesha, kwa hiyo unachokiona kimechelewa kidogo nyuma ya kidole chako. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya gemu, zima ulainishaji wa mwendo. Dalili ya tatizo hili ni rahisi kuitambua: unabonyeza ukingoni kabisa mwa shimo, Mario anaendelea kutembea na kuanguka, na kila mara anaanguka kwa kasoro ile ile. Makosa yakifanana, shuku TV. Yakiwa huku na kule, shuku kidole.

Wapo pia wanaotumia mashine za bei nafuu zinazoiga Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo ya miaka ya 1980), zile za kaseti moja yenye gemu chungu nzima. Padi zake mara nyingi zina vitufe vinne: A na B za kawaida, na pacha wake wa turbo. Turbo hubonyeza na kuachia mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kimo cha mruko wa Mario hutegemea muda ulioshikilia kitufe, kwa hiyo turbo A itakupa viruko vya chura tu, hata ukandamize vipi. Bandika utepe juu ya vitufe hivyo viwili. Utaubandua ukifika gemu ya tatu.

1985: B haiachiwi

Super Mario Bros. ilitoka Japani Septemba 1985, chini ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Ina dunia 8, kila moja levo 4. Vitufe ni viwili: B kukimbia, A kuruka.

Ushikaji wa padi ndio unaoamua karibu kila kitu. Laza kidole gumba cha kulia ili ncha yake ikae juu ya B, na sehemu ya chini ya kidole hicho hicho iguse A. Kuruka ni kukibingirisha kidole kuelekea A huku ncha ikiendelea kukandamiza B. Anayenyanyua kidole kutoka B kwenda A hupoteza kasi kila anaporuka, kisha hulalamika kwamba mashimo ya Dunia ya 8 hayavukiki.

Mambo matatu hutawala mruko wa gemu hii. La kwanza, ukishika A kwa muda mrefu Mario anapanda zaidi, ukigusa na kuachia anapanda kidogo. La pili, kasi uliyo nayo unapoondoka ardhini huongeza kimo: ukiwa umesimama unapata kama matofali 4, ukiwa mbioni kama 5. La tatu ndilo linalowaangusha waliotoka gemu mpya: ukiruka kutoka ulipokuwa umesimama, huwezi kupata kasi ya kukimbia hewani, hata ushike B kwa nguvu zote. Angani unaweza kupunguza mwendo kwa kubonyeza upande wa nyuma, lakini kasi ya mbio huchukuliwa ardhini. Kwa hiyo ukisimama ukingoni mwa shimo pana, rudi nyuma kwanza, ujipe nafasi.

Levo 1-1 (dunia ya kwanza, levo ya kwanza) imepangwa kama darasa, na inafaa kuitumia hivyo. Baada ya matofali ya mwanzo utakuta mabomba yanayopanda kimo: la kwanza tofali 2, la pili 3, la tatu 4. Simama mbele ya kila moja bila kukimbia, uruke juu yake kwa kushika A muda unaotosha tu kufika, pasipo kuzidisha. Rudia mpaka kidole kijue tofauti ya 2, 3 na 4 bila macho kusaidia. Mbele zaidi kuna ngazi mbili zinazotazamana na kati yake ni ardhi tupu, na hatua chache baadaye kuna ngazi nyingine mbili kama hizo, ila safari hii katikati ni shimo. Ruka za kwanza mpaka uzivuke bila kugusa chini. Za pili ni mruko ule ule, wenye adhabu. Walioipanga levo walitaka uwe umeshajifunza kabla hujalipa.

Uyoga wa kwanza nao una mpango wake. Hutoka kwenye kisanduku cha alama ya kuuliza, huteleza kwenda kulia, huanguka, hugonga bomba na kurudi kwako. Mgeni aliyetoka kukwepa Goomba (kijiadui kinachotembea) hutaka kuukimbia pia, lakini yuko chini ya matofali na hana pa kurukia, kwa hiyo unamgusa na anakua. Kumbuka skrini hairudi kushoto. Uyoga ukiachwa nyuma umepotea.

Gemu haihifadhi mchezo. Maisha yakiisha, kwenye skrini ya mwanzo shikilia A kisha bonyeza Start, nawe utaanza kwenye levo ya kwanza ya dunia uliyofia. Maisha ya ziada hupatikana 3-1, karibu na mwisho, kwa kumkanyaga kobe anayeshuka ngazi na kumrudia hewani gamba lake likigonga ngazi tena na tena. Usizidishe maisha 127. Hesabu ya gemu hupinduka hapo, na ukifa mara moja tu unaambiwa mchezo umekwisha.

1988 hadi 1990: mbio zenye kipimo, na miruko miwili

Super Mario Bros. 2 iliyouzwa Marekani mwaka 1988 ilitokana na gemu nyingine ya Kijapani, Doki Doki Panic ya 1987, ndiyo maana inapingana na ulichojifunza. Kumkanyaga adui hakumuui: unasimama kichwani pake, unambeba kwa B na kumrusha. Chutama mpaka mhusika aanze kumetameta, kisha ruka, nawe utapanda juu kuliko kawaida. Kati ya wahusika wa kuchagua, Luigi ndiye anayeruka juu zaidi, Peach huelea kwa muda mfupi ukishikilia A, na Toad ndiye mwepesi wa kung'oa mboga. Kwa kujifunzia, chukua Peach. Anakupa muda wa kusahihisha kosa hewani.

Super Mario Bros. 3, iliyotoka Japani Oktoba 1988, ndiyo iliyoyapa mbio kipimo. Chini ya skrini kuna mishale 6 na herufi P. Shika B na ukimbie bila kusita kwenye ardhi tambarare. Mishale hujaa mmoja mmoja, na P ikianza kumeta, Mario mwenye jani (masikio na mkia) anaweza kupaa kwa kugonga A mfululizo. Wengi hushindwa kwa sababu ya mazoea ya 1985: wanaruka kila kiumbe kinachotokea au kusita kidogo kabla ya adui, na mishale inashuka. Safisha njia kwanza. Ua kila kilichopo kwenye uwanja huo, rudi mwanzo wake, ndipo ukimbie. Levo ya kwanza kabisa ina uwanja mrefu unaofaa, na sarafu zilizo angani zinakuelekeza pa kupaa.

Hapa ndipo pa kubandua ule utepe wa turbo A. Mkia wa Mario hupunguza kasi ya kuanguka kila unapogonga A, na turbo hugonga bila kuchoka. Shuka nao, kisha urudi kwenye A ya kawaida kwa kuruka.

Super Mario World ya 1990 iliongeza mruko wa pili kwenye kitufe chake. B ni mruko wa kawaida, A ni wa kuzunguka. Wa kuzunguka haupandi juu sana, lakini hukuwezesha kudunda salama juu ya viumbe vyenye miiba na misumeno, na Mario mkubwa huvunja matofali yaliyo chini yake. Jizoeze kuuliza swali moja kabla ya kubonyeza: ninahitaji kimo au usalama? Anayetumia A muda wote kwa sababu unapendeza hukosa kingo za juu kwa nusu tofali na asijue kwa nini. Ukiwa juu ya Yoshi, dinosaria ambaye Mario humpanda, A hukurusha kutoka mgongoni mwake, hata hewani, na huo ni mruko wa ziada juu ya shimo. Yoshi atapotea, inasikitisha, lakini wewe utafika. L na R husogeza picha uone mbele kabla ya kuruka. Wachache huvitumia, na ni hasara kwao.

1996: kivuli kwanza, Mario baadaye

Super Mario 64 ilitoka Japani tarehe 23 Juni 1996, siku moja na mashine yenyewe ya Nintendo 64. Hakuna tena uyoga wa kukuza mwili. Kuna kipimo cha afya chenye vipande 8, na sarafu hukijaza. Kuna nyota 120, na 70 zinatosha kufika kwenye pambano la mwisho na Bowser, adui mkuu. Ila mabadiliko yaliyowatesa watu ni mawili: kina, na kamera.

Katika gemu bapa unajua Mario ataangukia wapi kwa sababu unamwona ubavuni. Ndani ya nafasi yenye kina, macho hudanganywa. Suluhisho la watengenezaji ni kivuli, doa jeusi linalokaa wima chini ya Mario popote alipo, jua liwe wapi au lisiwepo kabisa. Ukiwa angani, macho yawe kwenye doa hilo. Likiwa juu ya adui, utamkanyaga. Likiwa juu ya ubao, utatua ubaoni. Likipotea, chini yako ni shimo, vuta kijiti (kile cha padi unachosukuma kwa kidole gumba) nyuma mara moja. Hilo peke yake hupunguza nusu ya maanguko.

Kamera inashikwa na Lakitu, yule anayeelea kwenye wingu. Kijiti husoma mwelekeo kulingana na kamera, si kulingana na uso wa Mario. Kwa hiyo ukitembea juu ya ubao mwembamba kamera ikazunguka, kijiti kilichokuwa kikisema "mbele" sasa kinasema "mbele na kushoto kidogo", na Mario anateleza pembeni. Dawa yake: simama kabla ya ubao, zungusha kamera kwa vitufe vya C (kijiti cha kulia kwenye Switch, mashine ya baadaye ya Nintendo) mpaka ubao unyooke wima kwenye skrini, ndipo uende. Usiguse kamera tena mpaka uvuke.

Uwanja wa nje ya kasri, gemu inapoanzia, hauna adui hata mmoja. Kaa pale mpaka miruko hii ikutoke bila kufikiri. Z hapa chini ni ZL kwa anayecheza kwenye Switch.

1. Mruko wa tatu. Kimbia, A, ukitua, A, ukitua, A. Kila A ibonyezwe mguu unapogusa ardhi. Ukiwahi hewani haihesabiki, na ukipunguza kijiti katikati, ule wa tatu hautoki.
2. Mruko mrefu. Ukiwa mbioni, Z kisha A papo hapo. Ukichelewesha A, Mario huchutama, huteleza na kupoteza kasi. Ukigeuza mpangilio, yaani A kisha Z, anaruka kidogo na kupiga kishindo chini, na kama chini ni shimo, umekufa. Kosa hili huua watu wengi kuliko adui yeyote, kwa hiyo jizoeze kwenye nyasi mara 20 mfululizo bila kukosea kabla ya kuvuka nao kitu.
3. Kupinduka nyuma. Simama, shika Z, A. Ni mruko wa juu usiohitaji uwanja wa kukimbilia.
4. Kupinduka ubavu. Kimbia upande mmoja, geuza kijiti upande wa pili ghafla, na A miguu ikiwa bado inakwaruza ardhi. Unafaa kwenye vibao vidogo visivyo na nafasi ya miruko mitatu.
5. Teke la ukutani. Ruka kuelekea ukutani na ubonyeze A wakati ule ule mwili unapogusa.

Hilo la tano ndilo gumu, na sababu yake ni ya kiufundi. Gemu za baadaye humfanya Mario ateleze taratibu ukutani, ukapata muda wa kufikiri. Ya 1996 haina kuteleza: ukikosa kile kipande cha sekunde, Mario hugonga na kurudi nyuma. Tegea mguso kwa sikio na jicho pamoja, na ukaribie ukuta uso kwa uso. Pembe ya mshazari humfanya apite pembeni badala ya kuupiga teke.

2002 hadi 2013

Super Mario Sunshine (2002) ilimfunga Mario pampu ya maji mgongoni. Unaelea kwa sekunde chache na kusahihisha unapotua, lakini ule mruko mrefu wa Z na A haupo, na vidole vitautafuta. Badala yake lowesha ardhi, jitupe kwa tumbo na uteleze. Levo za siri hukunyang'anya pampu, na hapo aliyeitegemea kuelea kila mara hukwama. Fanya mazoezi bila pampu tangu mwanzo.

Super Mario Galaxy (2007) iliweka sayari ndogo za mviringo. Mario akifika upande wa chini kichwa kikaelekea chini, mkono hutaka kugeuza kijiti. Usikigeuze upya katikati ya mwendo; kishikilie kilivyo mpaka azunguke. Mzunguko wa kutikisa rimoti (ndiyo padi ya gemu hii) husukuma juu kidogo mara moja kwa kila mruko, kwa hiyo uutumie mwishoni, unapoona hutafika.

Super Mario 3D Land (2011) na 3D World (2013) zilirudisha bendera ya mwisho wa levo na kitufe cha kukimbia. Mkurugenzi wa ile ya kwanza, Koichi Hayashida, ameeleza kwamba levo zake hufuata mpangilio uitwao kwa Kijapani kishotenketsu: kitu kinaletwa, kinakuzwa, kinageuzwa, kinahitimishwa. Hili ni la kutumia, si la kusoma tu. Ukikutana na kitu kipya mahali pasipo hatari, tuseme vibao vinavyopinduka kila unaporuka na chini yake kuna sakafu, simama hapo. Ruka mara 10, ujue vinapinduka lini. Sakafu itaondolewa mara ya pili, na mara ya tatu kitu hicho kitakuja na mwenzake. Ukirudi 1-1 ya 1985 ukaziangalia zile ngazi, utaona wazo hili lilikuwapo tangu mwanzo.

2017: kofia ni ardhi ya pili

Super Mario Odyssey iliondoa maisha. Ukianguka unapoteza sarafu 10 tu, kwa hiyo jaribu bila woga. Mruko mpya ni wa kofia, na mfululizo wake ni huu: ruka, tupa kofia mbele kwa Y, mara moja ZL, halafu Y tena, Mario ajitupe juu ya kofia na kudunda. Baada ya kudunda unaweza kutupa tena na kujitupa tena, ila hutadunda mara ya pili mpaka uguse ardhi.

Kosa la kawaida liko kati ya ZL na Y. Ukichelewa kidogo tu, ZL inakuwa kishindo na Mario anashuka wima. Zifanye kama pigo moja la ngoma lenye mikono miwili, kushoto kisha kulia, bila pumzi katikati. Kosa la pili ni kutupa kofia mapema, wakati bado unapanda. Subiri ufike kilele cha mruko.

2023: beji huchaguliwa kabla ya levo

Super Mario Bros. Wonder, iliyoongozwa na Shiro Mouri, iliirudisha Mario bapa na kuondoa saa. Aliyezoea kukimbizwa na muda hupita mbio na kukosa nusu ya vitu. Tembea. Ua la Wonder hubadilisha sheria za levo, na mara nyingi limefichwa pembeni mwa njia.

Unavaa beji moja kwa levo. Anza na ile ya kofia ya mwavuli, inayokuwezesha kuelea ukishuka, kisha uivue mara tu unapoona unaibonyeza hata pasipo haja. Usipoivua, itakuwa pampu ya Sunshine nyingine. Ukicheza na mtoto, mpe Yoshi au Nabbit: adui hawawadhuru, ingawa mashimo bado yanawaua, kwa hiyo anajifunza kuruka peke yake kwanza. Siku atakapovuka mashimo bila kupapasa miguu ya Yoshi hewani, mbadilishie mhusika umpe Mario, na umfungulie 1-1 ya 1985 kwenye yale mabomba matatu.